Injini iliyozima bado ni nzima

Ilani yenyewe niliitafsiri mimi. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ndogo ya ndege iliniomba niiwekee maonyo yake ya usalama kwa Kiswahili sanifu, nami nikaifanya kazi hiyo jioni moja, nikaipeleka, nikasahau. Nilikutana na kazi yangu tena mwaka jana, kwenye kiwanja kidogo cha ndege chenye vumbi, ikiwa imebandikwa kwenye mlango wa kibanda cha abiria: "Usiguse rafadha wakati injini inapowaka." Nilisimama nikaisoma kwa furaha ya mzazi aliyekutana na mwanawe mjini. Kila kiambishi kilikuwa mahali pake.

Nyuma yangu ilikuwa imeegeshwa ndege yetu, Cessna ya injini moja. Mvulana wa miaka kama kumi na miwili alikuwa amelishika panga la mbele kwa mikono miwili, amening'inia kama anayejipima nguvu kwenye tawi la mti, huku mwenzake akimpiga picha kwa simu. Rubani wetu, mwanamke mwenye sauti ya upole siku zote, alitoka kibandani akipaza sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Wewe! Achilia! Toka hapo!" Mvulana akaruka chini, akamtazama kwa mshangao. "Lakini si imezima, madam?"

Rubani akanigeukia. "Mwalimu, hiyo 'si imezima' ndiyo itakayoua mtu hapa siku moja." Nikamwonyesha ile ilani mlangoni, kama mtu anayejitetea. Akacheka kidogo. "Wanaisoma vizuri sana. Inawaambia wasiguse ikiwaka. Sasa haiwaki, basi wanagusa. Halafu, samahani Mwalimu, rafadha ni nini?"

Sikuwa na jibu. Makala ya leo ndilo jibu langu lililochelewa. Nataka tulitazame neno moja dogo, "imezima", na tuone ni kwa nini mbele ya panga la ndege neno hilo halitoshi kumlinda mtu. Ili tufike huko itabidi tuingie kidogo ndani ya injini, maana sarufi peke yake haitatusaidia.

Tuanze na familia ya neno. Kutokana na kitenzi "zima" tunapata "zimwa", yaani kuzimwa na mtu fulani. Na "zimika", yaani kuingia katika hali ya kutowaka bila kutaja aliyesababisha. Taa ikikatwa na mama wakati wa kulala, imezimwa. Mshumaa ukipulizwa na upepo, umezimika. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, sote husema tu "imezima": gari limezima, simu imezima, jiko limezima. Umbo hili la mitaani ni fupi na linafaa, ila lina siri yake. Halisemi ni nani aliyezima, halisemi alizima nini hasa, wala halisemi kama alizima kweli au chombo kilinyamaza chenyewe. Linatoa habari ya macho na masikio tu: sioni kikizunguka, sisikii kikinguruma.

Wapo ndugu wengine wa neno hili. Mtu akizimia, yaani akizirai, hatuchimbi kaburi. Tunajua ataamka, na pengine ataamka kwa ghafla. Kisha kuna kitawe chake, kile kivumishi "-zima": mtu mzima, kitu kizima, yu mzima wa afya. Asili ya kivumishi hiki ni tofauti na ya kitenzi, na sauti ndizo zilizowakutanisha njiani. Lakini kwa injini ya ndege ndogo, mkutano huo unasema ukweli mtupu. Injini iliyozima bado ni nzima. Imezimia, haijafa.

Kwa nini? Wengi wetu tunaifahamu injini kupitia gari. Katika gari, ufunguo ukishatoka tunajua mambo yamekwisha. Tunafunua boneti na kuingiza mikono bila wasiwasi. Nitaiita hii akili ya ufunguo, na ndiyo tunayokwenda nayo uwanja wa ndege bila kujijua.

Hebu sasa fikiria jenereta ndogo ya petroli, ile inayotolewa nje ya kinyozi stima zinapopotea. Nyingi kati ya hizo hazina betri. Kinyozi anavuta kamba mara moja, mara mbili, na ya tatu injini inanguruma. Cheche iliyowasha petroli imetoka wapi ikiwa hakuna betri? Imetoka katika kule kuvuta. Kamba inazungusha gurudumu lenye sumaku, sumaku inapita karibu na koili ya waya, na kupita huko kunazalisha umeme unaoruka kwenye plagi kama cheche. Umeme huo unazaliwa na mzunguko wenyewe. Yeyote anayeizungusha injini hiyo ameshaipa moto, awe amekusudia au la.

Injini za pistoni za ndege ndogo, kama Cessna 172 inayotumiwa na shule nyingi za urubani duniani, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kifaa kinachozalisha cheche huitwa magneto, na kwa kawaida injini moja huwa na magneto mbili, kila moja na plagi yake katika kila silinda. Sababu ni nzuri kabisa. Betri ikifa angani, injini haina habari. Magneto zinaendelea kutoa cheche maadamu injini inazunguka. Magneto moja ikiharibika, ya pili inawafikisha. Mhandisi alitaka injini isiyoweza kuzimika kwa urahisi, akaipata. Sisi tulio chini ndio tunaopaswa kukumbuka kwamba ombi lake lilikubaliwa.

Sasa tazama swichi. Swichi ya taa nyumbani hukata njia ya umeme; waya wake ukikatika, taa haiwaki. Swichi ya magneto hufanya kinyume. Rubani anapogeuza ufunguo hadi mahali palipoandikwa "off", swichi huunganisha magneto na bodi ya ndege kwa waya mmoja, ili umeme ukimbilie huko badala ya kwenda kwenye plagi. Kwa hiyo waya huo ukikatika, ukilegea au ukiliwa na kutu, magneto inabaki huru. Ufunguo uko mfukoni mwa rubani, rubani yuko kantini anakunywa chai, na magneto bado inasubiri kuzungushwa. Ndani ya ndege hamna taa ya kumwonya mtu.

Ongeza jambo la tatu. Magneto hutoa cheche nzuri zaidi ikizunguka kwa kasi, na mkono wa binadamu hauna kasi hiyo. Waundaji walilijua hilo, wakaweka springi ndani ya angalau moja ya magneto. Ukilisogeza panga polepole, springi inajikaza, inajikaza, kisha inafyatuka na kuirusha sumaku kwa ghafla. Ndiyo ile sauti ya "tak!" inayosikika panga likizungushwa kwa mkono. Watoto wanaolichezea panga huipenda sana sauti hiyo, nao hawajui kwamba "tak" ndiyo dakika ambayo cheche huruka.

Na mafuta je? Rubani aliyefunzwa hazimi injini ya namna hii kwa ufunguo kwanza. Huvuta kishikio chekundu kinachoinyima injini mafuta, silinda zikamaliza kilichomo, injini ikanyamaza kwa njaa. Ndipo ufunguo ukafuata. Utaratibu huo umekusudiwa kuacha silinda zikiwa tupu. Lakini injini iliyonyamaza kwa njia nyingine yoyote inaweza kubaki na mvuke wa petroli ndani yake, na hata iliyozimwa vizuri haitupi hakikisho la maandishi. Katika injini ya silinda nne, silinda moja ikiwaka mara moja tu yatosha kulitupa panga nusu mzunguko. Nusu mzunguko unatosha kuvunja mkono, au kufanya jambo baya zaidi ikiwa kichwa ndicho kilichokuwa karibu.

Basi, yule mvulana alipouliza "si imezima?" alikuwa na haki kama mzungumzaji na amekosea kama mshika panga. Alichokiona kilikuwa kweli: injini haikuwa ikinguruma. Ambacho hakukiona ni swichi, waya, springi na mvuke. Tena alikuwa amening'inia kwa uzito wake wote, jambo ambalo ndilo hasa linaloweza kulizungusha panga.

Hiyo ndiyo hatari ya panga lililotulia. La panga linalozunguka ni balaa lake jingine, maana hilo halionekani. Tufanye hesabu. Panga la Cessna 172S lina kipenyo cha inchi 76, yaani karibu mita 1.93. Injini ikiwa imewaka na ndege imesimama tu, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, ncha ya panga husafiri kwa takriban kilomita 290 kwa saa. Kwa kuwa lina ncha mbili, mahali pamoja panapitiwa na chuma mara ishirini na sita au zaidi kwa sekunde. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde, na macho yetu huziona kama mwendo mmoja usiokatika. Ndivyo macho yanavyolifuta panga: kilichobaki ni ukungu mwepesi, na nyuma ya ukungu huo unaiona ndege yote, mlango wake, na rafiki yako akikupungia mkono. Kwa kasi ya juu kabisa, mizunguko 2,700 kwa dakika, ncha hiyo hufikia kama kilomita 980 kwa saa.

Kwa sababu hiyo, miongoni mwa wanaogongwa na panga wamo watu waliolifahamu vizuri. Ni fundi aliyekuwa akifikiria jambo jingine, au abiria aliyeshuka injini ikiwa bado inazunguka akakata kona ya mbele kwenda kwa waliokuja kumpokea, au mtu aliyefuata kofia iliyopeperushwa. Hakuna aliyekusudia kuligusa. Macho yalisema hapana kitu.

Kwa kuwa macho yanadanganya hivyo, usafiri wa anga umeikabidhi sauti sehemu kubwa ya ulinzi. Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopata la kusema. Kabla ya kuwasha injini, rubani hutazama pande zote, huwasha taa ya kumetameta ya ndege, kisha hufungua dirisha na kupaza sauti kuwaonya watu wasikaribie panga. Kwa Kiingereza husema "Clear prop!" Kisha hungoja. Kungoja huko ni sehemu ya onyo. Anayepiga kelele huku mkono ukigeuza ufunguo hajamwonya mtu, ameitangaza ajali tu. Onyo ni mazungumzo: linahitaji muda wa anayeambiwa kusikia, kuelewa, kutoka, au kujibu "Ngoja!"

Na aambiwe kwa neno gani? Kwa miaka mingi darasani nimeshikilia "rafadha". Ni neno zuri, lina nasaba ya Kiarabu, na limekuja kwetu kwa njia ya bahari, likiwa jina la kile kinachoisukuma meli majini kabla ndege haijajulikana. Kamusi zinalo. Wengine husema "propela". Wengine, hasa ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, husema "pangaboi", neno wanalolitumia pia kwa feni ya darini. Wanaolifuatilia neno hili hulihusisha na Uhindi: "pankha" ni feni kwa Kihindi, na enzi za Waingereza kulikuwa na mtumishi, "boi", aliyevuta kamba ya feni kubwa ya kitambaa ili bwana apate upepo. Kwa mujibu wa asili hiyo, ndani ya pangaboi hamna panga la kukatia chochote.

Lakini mwulize mtu yeyote kwenye kile kiwanja. Atakuambia kile ni panga la ndege, na atakapolitamka ataliona lile panga analolijua, la kufyekea majani, lenye makali. Mtaalamu wa asili za maneno atasema hiyo ni dhana ya mitaani. Sawa. Lakini katika onyo dhana hiyo inafanya kazi ambayo rafadha yangu haikuifanya hata siku moja: inamtia msikilizaji woga unaofaa, katika nusu sekunde, bila kufungua kamusi. Siiondoi rafadha katika vitabu vya sayansi wala katika mitihani. Pale ndipo kwake. Ila kwenye mlango wa kibanda nilipaswa kuandika "panga", na sikuandika kwa sababu niliyekuwa nikimfikiria ni mhariri, si mvulana.

Kuna mahali pengine ambapo sauti hubeba uhai wa mtu moja kwa moja, nako ni kuwasha injini kwa mkono. Siku hizi ndege nyingi zina stata. Zamani haikuwa hivyo. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake limebaki kwenye Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilianza katika enzi ya ndege kama Gipsy Moth. Hizo ziliwashwa na mtu aliyesimama mbele ya panga na kulizungusha kwa mikono yake, huku mwenzake akiwa ndani. Hadi leo zipo ndege za kale na nyinginezo nyepesi duniani zinazowashwa hivyo, na wapo wanaojaribiwa kufanya hivyo betri inapokufa mbali na fundi.

Kitabu cha mafunzo ya urubani cha FAA, mamlaka ya safari za anga ya Marekani, kinasisitiza kwamba kazi hiyo ni ya watu wawili waliofunzwa wote, na aliye ndani awe anajua kuiendesha ndege. Magurudumu huwekewa kabari. Anayezungusha panga husimama mahali pakavu na pagumu, si kwenye majani yenye maji, matope wala kokoto. Hulisukuma panga kwa viganja bila kulizungushia vidole, havai nguo inayoning'inia, na mwili wake wote hurudi nyuma kila anapolivuta, badala ya kuinama mbele. Mtu wa pekee asijaribu: injini ikiwaka na hakuna aliye ndani, ndege yaweza kuondoka yenyewe, ikimpitia yeye kwanza.

Kilichonivutia zaidi katika kitabu hicho ni mazungumzo yenyewe. Wa nje hutaja hali anayoitaka: mafuta wazi, swichi "off", kasi chini, breki zimefungwa. Wa ndani huhakikisha kila kimoja, kisha ndipo anaporudia maneno yale yale. Wakati wa kuwasha ukifika, neno halibadiliki kuwa "switch on". Hutumika neno jingine kabisa, "contact". Kitabu kinaeleza sababu: katika kelele na upepo, "on" na "off" zinafanana mno, ilhali "contact" na "switch off" ni vigumu kuchanganywa. Nimefundisha fonolojia muda mrefu, nikitafuta mifano ya vitate ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba sauti moja huweza kubadili maana. Sikuwahi kupata mfano ambamo sauti moja hubadili kama mtu atarudi nyumbani.

Tukiyahamishia mazungumzo hayo kwenye Kiswahili, na kwenye viwanja vyetu Kiswahili ndicho kinachosemwa kati ya rubani na wasaidizi wa chini, tunakutana na mitego ya lugha yetu wenyewe. Wa kwanza ni ukanushi. Kiswahili hukanusha mwanzoni mwa neno: "usiwashe", "haijazimwa". Upepo ukimeza silabi za mwanzo, na ndizo zinazomezwa kwanza mtu anapoanza kusema kabla hajasikilizwa, "usiwashe" inabaki "washe", na "haijazimwa" inabaki "zimwa". Agizo limegeuka kuwa kinyume chake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mbele ya panga usikanushe. Tumia vitenzi viwili vyenye mizizi tofauti, "zima" na "washa", visivyoshirikiana chochote isipokuwa irabu ya mwisho.

Mtego wa pili ni njeo. Wa nje akisema "Zima!", jibu haliwezi kuwa "nazima" wala "nitazima". Hayo ni maelezo ya nia. Jibu ni -me- tu, tena baada ya tendo kukamilika. Ukijibu kwanza halafu ukanyoosha mkono, kuna sekunde moja ambayo mwenzako anaishi ndani ya uongo wako.

Mtego wa tatu ndio ule wa mvulana. Jibu lisiwe "imezima". Liwe "nimezima". Tofauti ni sauti moja ya ulimi, lakini ni tofauti ya mashahidi wawili. Anayesema "imezima" ni mpita njia anayeeleza anachokiona. Anayesema "nimezima" ametia mkono wake na jina lake: nimeigusa swichi mimi, nimeiona ilipo, niulizeni mimi. Na hata huyo, kama tulivyoona, amethibitisha swichi tu, waya hajauona. Ndiyo maana mwenye kuzungusha panga, baada ya kusikia "nimezima", bado husimama kama mtu aliyeambiwa "inawaka".

Nirudi sasa kwenye ilani yangu, maana kosa lake kubwa halikuwa la msamiati. "Usiguse rafadha wakati injini inapowaka." Kisarufi haina doa. Kipragmatiki ni ruhusa iliyojificha. Binadamu husikiliza hata yasiyosemwa. Ukimwambia mgeni "usiingie chumbani mtoto anapolala", umemwambia pia kwamba mtoto akiamka aingie. Ile "-po-" yangu iliweka mpaka, na kila mpaka una ng'ambo. Watoto wa pale waliisoma ilani, wakauona mpaka, wakavuka kwa adabu kabisa hadi upande ulioruhusiwa.

Wapo watakaosema kwamba ndege nyingi zinazobeba abiria kutoka Wilson kwenda mbugani au pwani ni Cessna Caravan, yenye injini ya turbini isiyo na magneto. Ni kweli, na panga lake likiwa limezimwa mara nyingine huzungushwa na upepo tu. Lakini abiria hatakiwi kuijua injini kabla ya kujikinga. Turbini huanza kwa mluzi, panga likienda polepole kama mchezo, na muda mfupi baadaye halionekani tena. Ikishazimwa, panga huendelea kuzunguka kwa muda kabla ya kusimama. Anayejiuliza "hii ni ya aina gani?" akiwa tayari amesimama mbele yake ameuliza akiwa amechelewa. Kanuni inayofaa ni ile isiyo na sharti: mbali na panga, kila ndege, kila wakati. Mngoje rubani au mhudumu akupeleke mlangoni. Pita nyuma ya bawa, kamwe usipite mbele ya pua ya ndege. Mshike mtoto mkono. Kofia ikipeperuka, iache iende. Na picha ipigwe kando.

Nilirudi nyumbani nikaiandika ilani upya, nikaipeleka kwa rubani bila kudai malipo. Inasema hivi: "Panga hili li hai wakati wote. Usiliguse. Usipite mbele yake." Hamna "-po-", hamna "ikiwa", hamna rafadha. Mhariri angeweza kunilaumu kwa "li hai", kwamba chuma hakina uhai. Nitakubali lawama hiyo.

Miezi michache baadaye rubani alinitumia ujumbe kwa simu. Alikuwa amempata yule mvulana amesimama hatua kadhaa kando ya ndege, mikono nyuma, akiwazuia wadogo zake. Mmoja wao alikuwa amemwambia maneno yale yale: si imezima? Naye akajibu, "Imezima, lakini nani amesema?"

Ningempa alama zote.